Mama wa Saa Kumi na Moja

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Huku mimi mzima na koti langu halijambo. Ukurasa wa kwanza msomee mama kwa sauti kama kawaida. Najua anapenda barua kuliko simu, na mimi nikisikia sauti yake kwenye simu huwa nashindwa kumaliza sentensi. Nimemwambia nimepata kazi ofisini na ofisi ina zulia. Ukurasa huu ni wako, usome ukiwa peke yako kwenye cherehani.

Kazi sina. Hii ni wiki ya saba tangu lile ghala la maboksi lifungwe. Nimepeleka vyeti vyangu vya upimaji ardhi ofisi kumi na nne, na kote wananitazama kwa huruma na kusema wanataka mtu mwenye uzoefu wa hapa. Wa mwisho nilimuuliza, kwani ardhi ya hapa inapimwa kwa nini, kwa kijiko? Hakucheka.

Wakili anasema faili langu la ukaazi wa kudumu limefika hatua ya mwisho. Kimebaki kitu kimoja, barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba nimemfanyia kazi miezi sita bila kukatiza. Nisipoileta mwaka huu narudishwa mwanzo wa foleni, na miaka yangu mitatu imekwenda na maji. Na nikivuka mpaka hata kwa siku moja kabla ya jibu, faili linafungwa. Kwa hiyo mama akiuliza nakuja lini, mwambie mwaka huu, usimtajie mwezi.

Mdogo wako,
Mpima


Tarehe 22 Februari

Bwana Mpima,

Zulia lako nimelisoma mara mbili. Mama akataka kujua lina rangi gani, nikasema jekundu, akaridhika. Umenifanya niwe mwongo ukubwani.

Nami nilikuwa na ukurasa wa kukuficha, ila nimechoka kuuficha. Moyo wa mama umechoka. Miguu inavimba, akivuka chumba tu lazima akae apumzike. Daktari amebadilisha dawa mara mbili, na mara ya pili aliniita nje ya mlango akaniuliza kama watoto wake wote wako karibu. Nikasema tuko wawili, mmoja ni mimi, na mwingine yuko karibu kupata karatasi. Alinielewa.

Sikuambii uje. Ukija umepoteza, na mama mwenyewe hataki upoteze. Lakini kila jioni anauliza Kipara wake amekula nini. Bado anakuita Kipara, na nywele zako zote hizo, eti kwa sababu ulizaliwa bila hata unywele mmoja. Mimi namtungia mlo. Tafuta kazi, mdogo wangu, hata ya kubeba mawe.

Dada yako


Tarehe 16 Machi

Dada,

Nimepata, na si ya kubeba mawe. Mpishi, yule ninayekaa naye chumba kimoja, aliona tangazo kwenye duka la dawa: anatakiwa mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye hatua nzito. Nikafikiri ni ulinzi. Mwanamke aliyenipokea, mimi namwita Madamu, hakugusa cheti hata kimoja. Aliniambia nitembee kwenye korido, akafumba macho akasikiliza. Kisha akasema nianze kesho.

Kazi yenyewe ni hii. Madamu ana mama yake, bibi kipofu, na wanakaa juu, ngazi kumi na moja kutoka mlango wa kijani wa barabarani. Kaka yake Madamu alitoka kwenda kazini miaka tisa iliyopita na hajaonekana tena, si hai si maiti. Bibi hajaambiwa. Kila siku saa kumi na moja jioni kuna mtu wa kuingia kama yeye, na sasa mtu huyo ni mimi. Nimepewa karatasi ya maagizo. Panda ngazi bila haraka. Pangusa viatu mara mbili, kohoa, tundika koti kwenye ndoano ya pili. Sema "nimerudi" kwa lugha yao, keti kwenye kiti cha dirishani, pindua kurasa za gazeti mpaka saa moja. Neno jingine lolote ni marufuku. Koti ni la huyo kaka. Limenikaa mpaka mikononi.

Siku ya kwanza nilifanya yote sawasawa. Kisha bibi akanigeuzia uso, mzee wa watu, mvi tupu, na mdomo ukanitoka kabla sijaukamata. Nikasema, "Shikamoo, mama." Unajua tulivyolelewa. Nikajua kibarua kimeota nyasi siku ileile.

Bibi aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Marahaba."

Madamu hakuwepo chumbani. Nilikaa na gazeti langu mpaka saa moja na sikupindua ukurasa hata mmoja.

Mdogo wako,
Mpima


Tarehe 5 Aprili

Bwana Mpima,

Yaani unalipwa kuwa mtoto wa mtu. Wewe, ambaye hata hapa kwetu kazi hiyo uliifanya kwa kusukumwa. Nimecheka mpaka sindano ikanidunga. Hiyo marahaba isikutoe jasho, pengine kaishi na watu wetu zamani. Shika kazi hiyo kwa mikono miwili mpaka barua itoke.

Mama hajambo kidogo, ila ana vituko. Amebadilisha mkono. Kikombe anashika kwa kushoto, kijiko kwa kushoto, hata kitana. Na juzi alitoka kitandani akaelekea mlangoni akihesabu chinichini. Alipofika kumi na moja akanyanyua mguu kama anayepanda kitu, nikamdaka. Nikamuuliza, "Mama, unapanda wapi?" Akasema ngazi. Nyumba yetu tangu ijengwe haijawa na ngazi.

Barua yako ya Machi sijamsomea. Niliificha kwenye droo ya nyuzi, na ufunguo ninao mimi.

Dada yako


Tarehe 27 Aprili

Dada,

Niambie ukweli, kuna mtu wa huku umewahi kumwandikia habari zetu? Rafiki, mteja wako, yeyote? Sikukasirikii, nataka tu kujua.

Wiki iliyopita niliingia, nikapangusa viatu, nikakohoa, nikasema neno langu la kibarua. Bibi akanyoosha mkono, nikausogelea, akanishika kichwa. Akapapasa nywele. Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, "Kipara, umekonda." Dada, sijamtajia mtu yeyote jina hilo katika nchi hii, hata Mpishi. Kisha akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyuma. Unajua ni nani anayeuliza hivyo kila jioni, na mlango wenyewe tuliuziba kwa matofali mimi nikiwa darasa la sita.

Madamu ananiambia mama yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto maisha yake yote, na ghafla kikombe anakipokea kwa kulia. Anasema ni uzee. Nilimwitikia. Barua yako ya kikombe ilikuwa mfukoni mwangu.

Naogopa. Na naona aibu kukuambia kwamba saa kumi ikifika naanza kuharakisha.

Mpima


Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Sijamwandikia mtu.

Jana asubuhi nilimwamkia mama kama siku zote. Hakuitikia. Nikarudia. Akanigeuzia uso kwa adabu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema lugha ya kwao. Macho yake ni mazima, daktari ameyapima, lakini anatembea akipapasa ukuta. Ikikaribia saa kumi na moja jioni anajiweka sawa kitandani, anajifunga kitambaa vizuri na kutazama mlango. Anamsubiri mtu. Mimi nikiingia, anaona siye anayemsubiri.

Akisema, anasema maneno ambayo sijayasikia tangu nizaliwe. Majirani wanasema ni homa. Mimi nimemuogesha huyu mwanamke, najua alama zote za mwili wake, na alama zote zipo. Ila mwenyewe simwoni humo ndani.

Acha kazi hiyo. Sijali barua, sijali karatasi. Ulipomwamkia yule bibi ukamwita mama, sijui ulifungua nini. Kifunge.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Dada,

Nilikutii. Nilikaa siku nne chumbani, nikamwambia Madamu nina mafua. Siku ya tano alikuja mwenyewe mpaka hapa, na viatu vyake vizuri vile, akasimama kati ya masufuria ya Mpishi akilia. Bibi hali, hanywi, anageukia ukuta. Alinikumbusha kwamba siku zangu za kazi zimeanza kukatika, lakini hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetafuta kamba yoyote ya kunivuta.

Nikarudi. Sikusema lile neno la karatasi ya maagizo. Nilipiga magoti nikasema, "Mama, ni mimi." Akanipiga kofi dogo la begani, lile lake. Akasema, "Kipara, mbona mmezima taa mchana wote huu?"

Nikamwambia umeme umekatika. Akauliza mpaka lini. Nikasema wanatengeneza. Akatulia, akasugua mguu sakafuni, kisha akauliza kama hapa ndipo ofisini kwangu, maana anasikia zulia. Nikasema ndiyo, mama, ndipo hapa.

Ni yeye, Dada. Usiniulize kwa vipi. Mimi ni mtu wa kamba na vigingi, siamini nisichoweza kukipima. Lakini huyu ni mama, na yuko gizani, na kila siku ananiuliza umeme unarudi lini.

Mpima


Tarehe 20 Juni

Mdogo wangu,

Zile siku nne ulizokaa chumbani, na hapa hakula. Nimehesabu tarehe mara tatu. Siku uliyorudi, alikula.

Kwa hiyo nasema mimi mwenyewe, na mwezi uliopita nilisema kinyume: usikose hata siku moja. Mshike mkono. Mwambie yuko na mtu wake.

Nina neno la kumfikishia, na sijawahi kukuambia. Siku ulipoondoka, ulipokwisha kukata kona na begi lako, nilimgeukia mama nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemtoa huyu kwa kumsifia nchi za watu. Sasa ukifa nitakuzika peke yangu." Aliingia ndani akafagia. Hatujalizungumza tena, miaka mitatu, ndani ya nyumba moja. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwomba radhi, na sasa nikimwomba huyu niliye naye hapa ananitazama tu na kutabasamu. Muulize kama amenisamehe. Usinipambie jibu.

Dada yako


Tarehe 11 Julai

Dada,

Sijapamba. Nimeandika palepale, kwenye pambizo la gazeti, usije ukasema nimepunguza.

Nilimsomea barua yako yote. Halafu akasema, "Mwambie nilijua ni njaa iliyokuwa inasema. Alikuwa hajala tangu alfajiri, kwa kupiga pasi mashati ya Kipara. Nilifagia ili asinione nikilia, si kwa hasira. Na avae miwani akishona, aache kujifanya msichana."

Baadaye akaniuliza, "Huko nyumbani amenilalia nani kitandani?" Nikamwambia kuna bibi mgeni. Akafikiri. Akasema mwambie dada yako amfunike miguu, wageni huona baridi.

Nililia nikiwa nimejificha nyuma ya gazeti. Madamu alipita mlangoni, akadhani nafanya kazi vizuri.

Mpima


Tarehe 1 Agosti

Mdogo wangu,

Nimevaa miwani.

Barua yako imenitoa jiwe kifuani, ila pale lilipokuwa panauma bado. Asante.

Ila lazima nikuambie na hili. Miguu ya huyu wa hapa haivimbi tena. Amevuka uwanja mzima bila kukaa. Daktari amemsikiliza moyo, akanipa na mimi vile vifaa vyake nisikilize, eti nishangae naye. Unapiga kama wa msichana. Yeye anafurahi. Mimi nimerudi nyumbani nikajifungia, kwa sababu ule moyo mbovu lazima uko mahali.

Dada yako


Tarehe 24 Agosti

Dada,

Uko hapa. Miguu ya bibi imeanza kuvimba. Madamu anashangaa, anasema mama yake alikuwa na macho mabovu tu, moyo ulikuwa imara. Daktari wa huku hakuniita nje ya mlango, alisema mbele yangu, kwa kuwa anadhani mimi ndiye mtoto. Amesema ni wiki chache.

Miezi sita inatimia tarehe kumi Septemba. Nilitaka kumleta kwako. Nilikaa na wakili nikamuuliza mgonjwa anavukaje mpaka, akaniuliza mgonjwa wangu ni nani, nikaaga nikatoka. Na hata ningeacha faili nikapanda ndege leo, ningekuja kumwona nani? Niambie nifanye nini. Wewe ndiye mkubwa.

Mpima


Tarehe 9 Septemba

Kaa naye. Usije.

Anapenda kukunwa mgongo, chini ya bega la kulia. Usimwache akauliza kuhusu umeme bila kujibiwa. Mwambie mimi nipo, nashona, nimekula.

Dada yako


Tarehe 22 Septemba

Dada yangu,

Mama amefariki Jumanne, saa tisa alasiri. Hakuteseka. Asubuhi alinitania kwamba kwa mtu wa ofisini nina kucha chafu. Mchana akasema, "Haya, wamewasha," na akawa anatazama huku na huku chumbani, kila kitu. Akanitazama usoni muda mrefu. Akasema kweli nina nywele. Baada ya hapo alilala na hakuamka.

Tumemzika jana. Jina la kwenye jiwe ni la yule bibi, sikuwa na namna. Nilishuka kaburini mwenyewe kuhakikisha limenyooka, wachimbaji walikuwa wamepinda upande wa miguuni.

Jioni nilimwambia Madamu yote, tangu ile shikamoo. Nilitarajia anifukuze. Alikaa kwenye kiti changu cha dirishani. Akaniambia alikuwa akisikia mama yake akisema na mimi maneno asiyoyajua, akajiambia ni ugonjwa, kwa sababu hilo lingine hakuweza kulibeba. Kisha akaniuliza jambo moja tu, huyo wa kwenu anakula kwa mkono gani. Nikamwambia. Akaenda kutafuta begi la safari.

Barua ya mwajiri alishaitia saini tarehe kumi.

Mpima


Tarehe 19 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimelia siku tisa, na ilinibidi nilie kimya, kwa kuwa mtu ninayemlilia anazunguka ndani ya nyumba akimwagilia maua.

Hapapasi ukuta tena. Amejifunza kuona. Anakaa dirishani kutwa nzima akitazama watu wakipita, kuku, nguo kwenye kamba, na akiona kitu kipya ananivuta mkono nije nikione. Sikuweza kumchukia. Nilijaribu wiki mbili nikashindwa. Miguu nimemfunika kama nilivyoagizwa.

Madamu amefika juzi. Alisimama mlangoni na begi lake, mwanamke mrefu, amechoka. Huyu bibi aliinuka. Alikuwa hajawahi kumwona usoni akiwa mtu mzima, kwa hiyo alifumba macho, akamgusa, ndipo akamjua. Nikatoka nikaenda kukaa jikoni. Nilikuwa nimesikia mama yangu akimwita mtu mwingine mwanangu, kwa lugha nisiyoijua, na nililielewa neno hilo.

Wanaondoka wiki ijayo, Madamu ameshughulikia karatasi kwa jina la mama. Nitabaki na kitanda. Mimi nina mwili wa mama ulio hai, unapanda ndege na kunipungia mkono. Wewe una kaburi. Sijui kati yetu nani amepata zaidi, na sitaki mtu anijibu.

Dada yako


Tarehe 14 Novemba

Dada yangu,

Leo wameniita. Chumba kidogo, meza, karani mwenye mafua. Barua ya Madamu ilikuwa juu ya faili. Akaanza maswali yale ya miaka yote, na mimi nikajibu yale ya miaka yote, mpaka akafika anapouliza kama nina ndugu wa damu katika nchi hii.

Nikasema mama yangu.

Akapekua nyuma. Akasema mbona fomu zote nimejaza hakuna. Nikamwambia alikuja mwaka huu. Akataka anwani. Nikampa jina la makaburi, safu ya nane, la kumi na tisa kutoka ukutani, mita mbili na robo kwa mita moja, nimelipima mwenyewe. Aliacha kuandika akanitazama. Sijui alisoma nini usoni kwangu, lakini hakuuliza jina la kwenye jiwe. Aliandika yote, akapiga muhuri, akasema kuanzia leo mimi ni mkaazi wa kudumu na naweza kusafiri nitakavyo.

Nakuja mwezi ujao, nikae na wewe ulie kwa sauti. Lakini leo nilipotoka pale sikwenda kwa Mpishi wala kwa wakili. Nilipanda basi mpaka safu ya nane, nikamwambia mama.

Mdogo wako,
Mpima